Mbao za Kundi la Saba

Saa 2:10 asubuhi, Jumatatu tarehe 25 Juni 2074, kifaa cha Edwina Mlowe kililia mahali ambapo hakikupaswa kulia. Alikuwa amesimama kwenye kibaraza cha zahanati ya Lwimbula, kilomita sita nje ya mpaka wa Hoteli ya Kilele, akisubiri maji ya moto ya kujaza chupa yake ya chai. Kipimajoto cha ukutani kilionyesha nyuzi nne. Umande ulikuwa umeganda juu ya majani ya kabichi za muuguzi.

Alikizima kifaa, akakiwasha, akakielekeza tena ukutani. Kikalia. Kwenye kioo chake kulikuwa na tarakimu moja tu: 7.

"Hicho kidude kinaumwa?" aliuliza Sista Ortensia Luvanda, muuguzi wa zahanati, akitokea na birika. "Ukitaka nitakipima presha."

"Hakiumwi. Sista, wodi hii ilijengwa lini?"

"Kabla sijaajiriwa. Wanasema ni mwaka ule hoteli ilipokwisha kujengwa. Mbona unauliza kama polisi?"

"Mbao zake zilitoka wapi?"

"Mbao za Mufindi zinatoka wapi, dada yangu? Baharini?"

Edwina hakucheka. Aliomba ruhusa ya kuingia ndani. Wodi ilikuwa na vitanda vinane, vinne vina wagonjwa. Kifaa kililia kwenye kenchi za paa, kikalia kwenye fremu za madirisha, kikalia kwa nguvu zaidi mwisho wa wodi, mbele ya chumba kidogo chenye mlango mzito. Wenyeji walikiita chumba cha joto. Kuta zake zilikuwa mbao pana kumi na mbili za paini, nene kama kiganja, na ndani yake jiko dogo la umeme lilitosha kushika nyuzi ishirini na nane usiku kucha. Kwenye kitanda pekee alikaa binti wa miaka kumi na tisa, Yusta Chengula, na mtoto wa siku tisa mwenye uzito wa gramu 1,420. Mtoto alikuwa bado hana jina.

"Kinasema nini?" Yusta aliuliza, macho yakiwa kwenye kifaa.

"Kinasema mbao hizi ni za hoteli," alijibu Edwina. Hakuwa na mazoea ya kujibu swali kwa jibu la swali jingine.

Kazi yake, kwa jina la kiserikali, ilikuwa mkaguzi wa marejesho. Hoteli ya Kilele ilijengwa kwa mbao za tabaka: vibao vya paini vilivyopangwa kwa kukingamana na kubanwa kwa gundi hadi vikawa nguzo na kuta zenye nguvu ya kubeba ghorofa tano. Ndani ya gundi hiyo mlikuwa na punje ndogo kuliko ulezi. Kila punje ilifunika kuvu mkavu na waya mwembamba kuliko unywele. Mkaguzi akipita karibu, ndani ya mita nane, punje ilitaja namba ya kundi lake. Zaidi ya hapo ilijua jambo moja tu: amri kutoka kwenye setilaiti. Ikisikia amri ya kundi lake, hufunguka, kuvu huamka, hula gundi kwanza na mbao baadaye. Baada ya siku arobaini boriti hubomoka mkononi kama mkate uliokauka. Baada ya masika mawili huwa udongo.

Ni kwa sababu hiyo hoteli za aina ile ziliruhusiwa kujengwa kwenye vyanzo vya maji, mahali ambapo saruji na chuma vilipigwa marufuku. Kampuni ilipewa miaka ishirini na mitano. Ilijenga kwa mti, ikapokea wageni waliolipia ukimya na harufu ya paini, na siku ya mwisho ilitakiwa kuondoka bila kuacha hata msingi. Punje hazikujua ziko wapi. Waliotunga sheria walitaka hivyo makusudi, ili mwenye hoteli asiweze kuchagua jengo la kubakiza. Amri ilifunika duara la kilomita arobaini.

Amri ya Kundi la Saba, yaani la Hoteli ya Kilele, ilipangwa kwenda Alhamisi, saa sita kamili mchana. Isipokwenda kufikia saa hiyo, kwa sababu yoyote, leseni ingejirudia yenyewe kwa miaka mingine ishirini na mitano. Na kabla haijakwenda, mkaguzi alipaswa kutia saini kwenye kauli mbili: kwamba mbao zote za kundi zimo ndani ya mpaka, na kwamba hakuna mtu chini yake.

Edwina alikuwa amekuja Lwimbula kutia saini hizo mbili. Aliketi kwenye benchi la wagonjwa. Benchi nalo lilikuwa la Kundi la Saba.

*

Fundi Zakayo Ngailo alikuwa na miaka sabini na minne, na randa yake ilikuwa bado mkononi. Yeye ndiye aliyekuwa nyapara wa maseremala wenyeji wakati hoteli inajengwa. Edwina alimkuta kwenye karakana yake akisawazisha mguu wa meza.

"Kamwene, babu."

"Kamwene, mwanangu. Wewe ndiye wa kuitoa hoteli yangu roho? Karibu. Kaa mbali na vumbi, koti lako zuri."

"Babu, nimepita nyumba sita tangu asubuhi. Nne zina kenchi za hoteli. Na zahanati."

Randa ilikwenda hadi mwisho wa mguu wa meza, ikarudi, ikasimama.

"Mabaki," alisema Zakayo. "Kipande kilicho chini ya pima moja ni cha fundi. Hiyo ni haki ya fundi tangu babu yangu anapasua mbao kwa msumeno wa watu wawili. Hata mzungu wa kampuni aliijua. Aliikubali mbele ya watu."

"Kenchi za zahanati ni ndefu kuliko pima mbili."

"Zimeungwa."

"Na zile kumi na mbili za chumba cha joto? Zile hazijaungwa."

Zakayo alijikuna shingo. "Zile zilikatwa vibaya. Zikawa fupi kwa hoteli."

"Nani alizikata vibaya?"

"Mimi. Nilizikata vibaya vizuri kabisa." Akacheka peke yake, kisha akaacha. "Wake zetu walikuwa wanajifungulia kwenye ofisi ya chama, mwanangu, juu ya mkeka. Kampuni walisema mabaki yatachomwa. Yaani paini kama ile, ichomwe! Tukagawana. Lakini hatukuwa wajinga. Kila kipande tulikata shibiri moja, ule upande wenye mhuri."

Edwina alielewa kabla hajamaliza. Katika misitu ya nyanda hizi, afisa alipiga nyundo yenye alama kwenye kichwa cha gogo. Asiyetaka kuulizwa alikata kichwa. Mbao isiyo na mhuri haikuwa na mwenyewe. Vizazi vitatu vya maseremala wa Lwimbula walilijua hilo kama wanavyojua kunoa patasi.

"Mhuri wa kiwandani ulikuwa rangi tu, babu. Punje zimo kwenye gundi. Kila mahali, kutoka mwanzo wa ubao hadi mwisho."

"Rangi tu?"

"Rangi tu."

Zakayo aliweka randa chini kwa ubavu, kama inavyowekwa ili makali yasiguse meza. "Miaka ishirini na mitano natembea kifua mbele," alisema. "Kumbe nimewaezekea watu saa inayohesabu." Halafu akauliza: "Utatuandika?"

"Nikiandika leo kwamba kuna mbao nje ya mpaka, amri itasimamishwa ili uchunguzi ufanyike. Uchunguzi hauchukui chini ya miezi mitatu. Alhamisi itapita."

"Na maji?"

"Yatabaki kwao hadi mwaka 2099."

Chemchemi ya Lwimbula ilikuwa ndani ya mpaka wa hoteli, pamoja na hekta mia sita za msitu. Kijiji kilipewa bomba moja, kwa muda wa saa mbili kila asubuhi. Mashamba ya bondeni, yaliyokuwa ya njegere na viazi, yalikuwa yamekuwa malisho ya mbuzi. Waliopiga kura kuikubali hoteli walifanya hivyo kwa sababu ya neno moja kwenye mkataba: yatarudi.

"Usipoandika?"

"Amri itakwenda. Baada ya siku arobaini paa za nyumba hizi zitaanguka, na zahanati. Na mimi nitakuwa nimetia saini uongo."

"Uongo mdogo."

"Siandiki kisichokuwepo, babu." Alisema bila ukali, kama mtu anayetaja kimo chake. Kisha akatazama kauli ile kwenye kioo cha kifaa chake, akaisoma tena kwa sauti ndogo. Ilisema *zimo ndani ya mpaka*. Haikusema *zilikuwamo*. "Kauli inahusu saa ya kutia saini," alisema. "Saa sita kasoro, Alhamisi. Haiulizi zilikuwa wapi Jumatatu."

Zakayo alinyanyua randa, akaipangusa vumbi. Alikuwa amejenga hoteli ile. Alijua uzito wa kila ubao.

"Wewe binti," alisema, "unataka tubomoe nyumba zetu tuzirudishe hotelini kwa guta."

"Sijataka. Nimesoma."

*

Meneja wa Hoteli ya Kilele, Kasiani Temu, alimpokea ukumbini saa 8:30 mchana. Wageni wa mwisho walikuwa wameondoka wiki moja kabla. Ukumbi ulipanda ghorofa zote tano bila msumari hata mmoja: nguzo zilishikwa na vigingi vya mti, ngazi zilining'inia kwenye maungio yaliyokatwa kwa usahihi wa unene wa karatasi, na mwanga ulishuka kwenye mbao ukawa na rangi ya asali. Edwina alikuwa ameona majengo kumi na moja ya aina hiyo. Hili lilikuwa bora kuliko yote, na aliliandika hivyo kwenye ripoti, kwa kuwa lilikuwa kweli.

"Nimesikia umepita vijijini," alisema Temu. "Umekuta mbao?"

"Nimekuta."

Temu alikaa. Hakutegemea kuambiwa. "Kwa nini unaniambia?"

"Umeuliza."

"Basi unajua natakiwa kupeleka pingamizi makao makuu yenu leo hii."

"Najua. Pingamizi litapimwa Alhamisi saa tano. Utatembea na mimi, ukiwa na kifaa chako. Tukikuta hata kipande kimoja nje, nitasimamisha mwenyewe."

Temu alikuwa mtu wa miaka hamsini, mwenye sauti ya chini. Watumishi mia moja na kumi na wawili walikuwa chini yake, sitini wakiwa wa Lwimbula. Alisimama dirishani.

"Dada Edwina, tuongee kama watu. Leseni ikijirudia, nina idhini ya kujenga zahanati ya tofali. Vitanda ishirini, gari la wagonjwa, daktari. Si maneno, ninayo barua. Mtoto wa kwanza wa dada wa mapokezi wetu alizaliwa kwenye kile chumba cha mbao. Mimi nilikwenda kumwona. Sitaki kianguke."

"Naamini hutaki."

"Basi?"

"Barua yako nitaisoma jioni hii kwenye mkutano wa kijiji. Yote, na saini."

Aliisoma kweli, saa 10:15 jioni, mbele ya watu zaidi ya mia mbili kwenye uwanja wa shule. Alisoma barua, kisha akasoma kauli mbili za sheria, kisha akataja nyumba kumi na tisa zenye mbao hizo, moja baada ya nyingine. Alipofika kwenye nyumba ya saba palizuka kicheko, kwa kuwa kilichokutwa pale si kenchi bali kitanda cha ndoa cha mwenyekiti wa kijiji mwenyewe, Felista Kihongosi.

"Mwenyekiti, umelalia mali ya umma!" mtu alipiga kelele kutoka nyuma.

"Na nimezalia humohumo watoto watano," alijibu Felista. "Kichukueni. Mume wangu ndiye atakayelia, mgongo wake umekizoea."

Zakayo alisimama, akasema kwa maneno machache kilichofanyika na nani alikifanya. Hakujitetea. Halafu akasema kwamba vipande ni kama mia nne, kwamba mafundi wako kumi na wanane, na kwamba kenchi moja ikifunguliwa vizuri haichukui saa nzima. Bati na turubai vingebaki na mwenye nyumba. Julai ilikuwa mbele yao, na kila mmoja pale alijua Julai ya Mufindi ni nini bila paa zuri.

Ndipo Sista Ortensia aliponyoosha mkono.

"Mimi nina swali dogo. Nyie mnazungumza maji ya miaka ishirini na mitano. Sawa. Mimi nina mtoto wa leo. Ana gramu elfu moja mia nne na ishirini. Hawezi kujipasha joto mwenyewe. Hospitali ya wilaya ni kilomita sabini na mbili na wiki hii mashine zao mbili zina watoto wanne. Nimepiga simu. Mkishanibomolea chumba, nimweke wapi? Kwenye turubai la mwenyekiti?"

Aliushusha mkono wake.

"Na meneja anasema atanijengea tofali," aliendelea. "Nimemsikia. Mimi mwaka wa kumi na sita nafanya kazi chini ya dari inayovuja. Msidhani sina hamu."

Kura zilipigwa kwa kusimama upande wa kulia au wa kushoto wa nguzo ya bendera. Kulia, kwa wanaotaka mbao zirudishwe, walihesabiwa 171; kushoto 38. Ortensia hakwenda upande wowote. Alirudi zahanati kabla hesabu haijakwisha, kwa sababu ilikuwa saa ya kupima joto.

*

Jumanne na Jumatano zilifanyika kazi za mkono. Mafundi walipanda mapaa, wakafungua kenchi kwa mpangilio uleule waliozifungia, ila kinyumenyume. Maguta matano ya umeme, yale ya magurudumu matatu, yalipanda na kushuka barabara ya hoteli. Mbele ya ukumbi wa ghorofa tano lilikua rundo la vipande vyeusi kwa moshi wa majiko: kenchi, milango, vibao vya kuku, kaunta ya duka, madawati mawili ya kanisa, kitanda cha mwenyekiti. Temu aliamuru lipangwe vizuri lisizuie njia. Edwina alipita nyumba kwa nyumba nyuma ya mafundi, akielekeza kifaa kwenye kila ukuta. Mahali pawili kililia baada ya mwenye nyumba kuapa kwamba amemaliza. Pa kwanza palikuwa na mpini wa jembe. Pa pili palikuwa na fremu ya picha ya marehemu, na mjane aliitoa picha, akaikunja, akampa Edwina fremu.

Jumatano saa 11 jioni paa la wodi lilikwisha kufunguliwa, wagonjwa watatu wakiwa wamehamishiwa darasani na mmoja amerudi kwake. Kilichobaki nje ya mpaka ni chumba cha joto, kimesimama peke yake katikati ya kuta za udongo zisizo na kitu juu, kimefunikwa turubai. Mbao kumi na mbili.

Alhamisi saa 2:20 asubuhi Edwina aligonga mlango wake. Nje kulikuwa na nyuzi tano. Ndani walikuwamo Yusta, mtoto na Sista Ortensia. Zakayo alisimama nyuma ya Edwina, nyundo ikiwa kiunoni, na nyuma ya Zakayo alisimama Temu, ambaye hakuna aliyemwita.

"Umekuja kunitoa," alisema Ortensia.

"Hapana. Sina mamlaka juu ya chumba hiki. Nimekuja kusema ninachokijua."

"Sema."

"Ubao wa mwisho ukichelewa kuingia ndani ya mpaka hadi saa tano na nusu, nitaandika kwamba kauli si kweli. Amri haitakwenda. Hilo la kwanza."

"La pili?"

La pili alilisema Temu. "Chumba cha kufulia nguo cha hoteli," alisema. "Ni cha mawe hadi darini, bila saruji. Sheria ya moto ilikataa mbao karibu na matangi ya mvuke, kwa hiyo ndicho chumba pekee ambacho si cha kundi. Kimo ndani ya mpaka lakini hakuna ubao juu yake. Nimewasha matangi tangu saa kumi na moja alfajiri. Sasa hivi kina nyuzi ishirini na tisa."

"Kampuni yako inajua?" aliuliza Edwina.

"Kampuni yangu imeniagiza nipeleke pingamizi. Nimepeleka. Kuhusu kufua nguo hawakuniagiza kitu."

Ortensia alitikisa kichwa. "Kilomita sita kwa baridi hii. Nyie mnaongea kama mnahamisha gunia."

"Jamani!" Yusta alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini wote waligeuka. "Tangu Jumatatu mnanisemea kama vile mtoto ni wa zahanati. Paa la mama yangu liko kwenye rundo kule. Nami niulizeni." Akamgeukia Edwina. "Mama mkaguzi, wewe unapenda namba. Nipe namba."

"Njia ni dakika ishirini na tano kwa gari la wageni, madirisha yamefungwa. Mtoto wa uzito huu, nilivyosoma jana usiku, ngozi kwa ngozi kwenye kifua cha mama, amefunikwa, hushuka kati ya nusu nyuzi na nyuzi moja. Sasa ana ngapi?"

"Thelathini na sita nukta sita," alijibu Ortensia bila kutaka.

"Basi atafika na kati ya thelathini na tano nukta sita na thelathini na sita nukta moja. Hatari kubwa inaanza chini ya thelathini na tano."

"Inaanza hapo kwenye vitabu," alisema Ortensia. "Mimi nimewahi kumpoteza mmoja mwenye thelathini na tano na nukta mbili."

"Hilo sikulijua," alisema Edwina. "Ni kweli linabadilisha hesabu."

Yusta alimwangalia muuguzi. "Sista, tukibaki humu, una uhakika?"

Ortensia alilitazama jiko la umeme. Alikuwa mtu mkweli. "Sina. Umeme ulikatika mara mbili juzi."

"Angekuwa wako ungefanyaje?" Yusta alimwuliza Edwina.

"Sijui," alijibu Edwina. "Ningekuambia kama ningejua."

Yusta alifungua vifungo vya blauzi yake. "Mfunge vizuri, Sista," alisema. "Na Babu Zakayo asiguse hata ubao mmoja mpaka nifike. Nikiona namba mbaya njiani, tunageuza gari, tunarudi humu, na maji yakae huko yaliko."

"Sitagusa," alisema Zakayo. Akaitoa nyundo kiunoni, akamkabidhi Temu, ambaye hakujua aishike vipi.

*

Gari liliondoka saa 3:31 asubuhi. Ortensia alikaa nyuma pamoja na Yusta, kipimajoto kikiwa kwapani mwa mtoto. Saa 3:40 alisoma 36.2. Saa 3:49, penye mteremko wa daraja, alisoma 35.8. Yusta aliuliza mara mbili, akajibiwa mara mbili kwa namba hiyohiyo. Saa 3:56 waliingia kwenye chumba cha kufulia. Saa 3:58 kipimajoto kilionyesha 35.6.

Ortensia alipiga simu zahanati. Hakusema ni ngapi. Alisema, "Toa."

Zakayo alifungua mbao kumi na mbili kwa dakika arobaini na nne. Alizifunga mwenyewe miaka ishirini na mitano iliyopita, kwa vigingi vya mkaratusi, na aliukumbuka mpangilio wake. Ubao wa tisa ulikataa. Alitaka kuukata, kisha akauacha, akaugonga polepole kwa kisigino cha mkono hadi ukalegea mzima. Guta lilivuka mpaka wa hoteli saa 5:19.

Kuanzia saa 5:00 Edwina na Temu walizunguka Lwimbula kwa gari, vifaa viwili vimewashwa, madirisha wazi. Nyumba zilikaa bila vichwa, bluu na kijani kwa maturubai. Mbele ya kila mlango walisimama watu wakiwatazama mikono. Hakuna kifaa kilicholia. Mwisho wa barabara Temu alikizima chake, akasema, "Pingamizi halina ushahidi," na kwa kuwa ilimlazimu, alilisema mara ya pili kwenye kinasa sauti, kwa jina lake kamili na cheo.

Saa 5:50 mlinzi wa hoteli alithibitisha kwamba vyumba vyote vya mbao ni vitupu. Edwina alitia saini kauli ya kwanza, akatia ya pili. Chini yake palikuwa na nafasi ya maelezo ya ziada, ambayo wakaguzi wengi huiacha wazi. Aliandika: *Mbao 423 za kundi hili zilikuwa nje ya mpaka tangu mwaka 2049. Nilizigundua Jumatatu tarehe 25 saa 2:10 asubuhi. Sikutoa taarifa makao makuu. Zimerudishwa na wanakijiji kwa mikono yao.* Alisoma alichoandika. Hakikuwa na kosa. Alijua kwamba kwa sentensi ya tatu atafikishwa kwenye kamati ya nidhamu, na akaiacha ilivyo.

Amri ilikwenda saa 6:00:00 mchana. Saa 6:07 kifaa kilionyesha kwamba punje za Kundi la Saba zimeanza kufunguka. Kwa macho hapakuwa na kitu cha kuona. Hoteli ilisimama kama ilivyosimama asubuhi, na mbele yake rundo, na juu ya rundo mbao pana kumi na mbili.

Zakayo alivua kofia. Felista alimwambia aivae, kuna baridi.

Edwina alikwenda kwenye chumba cha kufulia, akasimama mlangoni. Mvuke ulikuwa umelowesha kuta za mawe. Yusta alikaa kwenye kiti cha kukunja kati ya matangi mawili, amefunikwa taulo nyeupe za wageni, kichwa cha mtoto kikionekana kidogo chini ya kidevu chake. Ortensia alimwona Edwina, hakumwambia aingie wala aondoke. Alitoa kipimajoto, akakigeuzia kwenye mwanga, akachukua kalamu.

Kwenye karatasi ya wodi, mstari wa mwisho, aliandika: saa 6:30 mchana, 36.1, ananyonya.